Kidole Kwenye Silinda ya Klachi

Nitasema ukweli tangu mwanzo, ili asiyependa habari za roho mbaya aondoke mapema: nilimwonea wivu mke mwenzangu kabla hajakanyaga uwanja wetu. Alifika akiwa amekaa mbele kwenye pikapu ya baba mkwe, kioo kimeshushwa, mkono nje, anacheka. Mimi wakati huo nilikuwa migombani, nimejifunika kitenge mpaka usoni, nasubiri gari lipite.

Nikisema mke mwenzangu sina maana tuliolewa na mume mmoja. Ndivyo tunavyoitana wanawake tulioolewa na ndugu. Wake alikuwa kaka mkubwa, wangu mdogo. Yeye alitoka Morogoro na mimi ni wa hapa hapa Rungwe, na shida yote ilianzia hapo. Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake. Hamsalimii, hamwiti taata, yaani baba, hataji jina lake, hakai naye chumba kimoja, hapishani naye njiani. Tunaita kutila, kuogopa, ingawa ni heshima zaidi kuliko woga. Ukisikia anakuja, unapotea. Naye kwa upande wake hakushtukizi, anakohoa kwanza. Baba mkwe wangu alikuwa na kikohozi chake, viwili vifupi na kimoja kirefu, na nilikijua kuliko nilivyoijua sura yake. Miaka sita nimeolewa pale Ikuti, na sura yake nilikuwa nimeiona kwenye picha tu, ile ya kitambulisho cha kazi ambayo mama mkwe aliihifadhi ndani ya Biblia.

Yule wa Morogoro alipoelezwa mambo hayo alicheka. Wazee wakasema mwacheni, huyo si wa huku, hajui. Basi akaachwa. Akawa anampa mzee shikamoo uso kwa uso, anammwagia maji ya kunawa, anakaa naye kiti cha mbele. Mimi niliyelelewa nikaleleka ndiye niliyekuwa nakimbilia migombani kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Mimi nilicheza kwetu na sikutunzwa na mtu.

Pikapu yenyewe ilikuwa gari la Kiingereza, la zamani, la kijani kilichopauka. Mzee aliliendesha shamba la chai miaka mingi, na alipostaafu wakamuuzia. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Sabuni haikuwa tena na foleni, mitumba ilitandazwa mpaka mitaroni, na kila mwenye gari alikuwa amegundua kwamba ndizi zikifika Mbeya zina bei. Kila Alhamisi pikapu ilipakiwa ndizi na kushuka kwenda kushika barabara ya Mbeya pale Kiwira. Ndizi nyingi zilikuwa za shamba langu, kwa sababu mimi nalima, sichezi. Lakini dereva alihitaji mtu wa kukaa naye na kuuza, na mimi kukaa naye sikuruhusiwa. Kwa hiyo aliyepanda alikuwa nani? Jioni wakirudi nilimsikia mzee, kutoka nyuma ya jiko nilikokuwa nimejificha, akimwambia mama mkwe kwamba huyu mtoto leo ameuza, huyu mtoto ana mkono wa biashara. Ndizi zangu, sifa zake.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, na sasa nimezeeka naweza kukisema bila aibu. Nilitaka yule mzee ajue kwamba nipo. Sikutaka kukaa mbele. Nilitaka siku moja aseme neno juu yangu, nami nilisikie.

Tena kama ni magari, mimi ndiye niliyeyajua. Baba yangu mzazi alikuwa fundi wa gereji ya shamba jingine la chai. Hakubahatika kupata mtoto wa kiume, na kazi ya kutoa upepo kwenye klachi haifanywi na mtu mmoja, kwa hiyo tangu nikiwa na miaka tisa nilikuwa nakaa kwenye kiti cha dereva, nimeshikilia usukani nisiteleze, nakanyaga pedali kwa miguu yote miwili. Yeye yuko chini. Anasema kanyaga, nakanyaga na kushikilia. Anafungua kiskrubu, upepo unatoka pamoja na mafuta, anafunga. Anasema achia, naachia. Ukiachia kabla hajafunga, upepo unarudi wote ndani na baba anakutukana ukoo mzima, pamoja na yeye mwenyewe. Miaka ile ya kukosa kila kitu, mafuta ya breki yalipokuwa hayapatikani hata kwa kuomba, alichanganya mafuta ya mbarika na pombe kali, na magari yakatembea. Alinifundisha pia kupima silinda kwa kidole. Alisema wauzaji watakuonyesha boksi, wewe usitazame boksi. Ingiza kidole cha shahada kwenye ile ya zamani, angalia kimefika pingili ipi, kisha ingiza kwenye mpya. Kikiishia njiani, rudisha, hata kama nje zinafanana kama mapacha. Silinda nyembamba inasukuma mafuta kidogo, na klachi haiachii vizuri.

Mambo hayo pale ukweni hakuna aliyeniuliza. Mume wangu aliyajua, lakini yeye alikuwa kwenye machimbo ya makaa upande wa Kiwira, anakuja mwisho wa mwezi, analala na kuondoka. Niliamini mzee hajui hata nimezaliwa na nani.

Masika ya mwaka ule pedali ya klachi ikaanza kuzama. Nilijua kabla hawajasema. Kutoka migombani nilisikia mzee akikanyaga mara tatu, mara nne, ndipo gia iingie. Baadaye pedali ikabaki chini kabisa na gari likalala uwanjani. Tatizo lilikuwa masta silinda, ile ya juu inayosukumwa na pedali, mipira yake ya ndani ilikuwa imekwisha. Nilimwambia mama mkwe nikiwa napepeta mchele kwamba wapeleke ile ya zamani dukani ikalinganishwe. Akaitikia ee, akasahau. Yule wa Morogoro alikuwa tayari amesema yeye ataileta, ana safari ya Mbeya kwa kaka yake, na huko spea zimejaa mpaka zinamwagika.

Akaileta. Ilikuwa ndani ya boksi jekundu lenye picha ya gari, boksi zuri, siwezi kukataa. Alilibeba mapajani kutoka stendi kama mtoto mchanga. Mzee alicheka kwa furaha, sauti ikafika mpaka nilipokuwa nachota maji. Akasema, "Huyu ndiye mtoto." Ndoo nzima niliimwaga njiani. Ilinibidi kurudi kisimani.

Kesho yake asubuhi mama mkwe aliniambia mzee amekwenda kwa jirani kuazima spana. Gari lilikuwa limeinuliwa upande mmoja juu ya mawe, gunia limetandikwa chini yake. Nilikuwa nimefuata jembe kwenye ukuta wa ghala. Sikusikia kikohozi, nikajua uwanja ni mtupu. Boksi jekundu lilikuwa juu ya boneti, na pembeni yake ile silinda ya zamani, imefunguliwa, iko wazi.

Sikuweza kupita. Niliweka jembe chini. Niliingiza kidole kwenye ile ya zamani, kikaingia vizuri mpaka pingili ya pili. Nikafungua boksi, nikaitoa mpya. Kwanza ilikuwa nyepesi. Nikavua kile kimpira cha vumbi na kusukuma pistoni kwa ncha ya kidole. Kidole kikaishia kwenye pingili ya kwanza na kukwama. Nikajaribu tena kwa mkono wa kushoto. Kikakwama. Matundu ya boliti yalikuwa sawa, mdomo wa bomba sawa, nje mapacha kabisa. Ndani ilikuwa ya gari jingine.

Jamani, sitajitetea. Mama mkwe alikuwa jikoni, hatua kumi. Ningemwambia tu, mama, hii ni ndogo, angemwambia mzee na mambo yangeisha. Nilisimama pale na silinda mkononi, na kilichonijia kichwani si klachi. Ni ule mkono nje ya dirisha. Ni "huyu ndiye mtoto." Nikasema moyoni, si yeye ndiye anayejua kununua? Si yeye ndiye anayekaa mbele? Basi akae. Waifunge, ikatae, gari lirudi kulala uwanjani, mzee aone huyo mtoto wake alivyomnunulia pambo. Nilirudisha kimpira, nikarudisha silinda ndani ya boksi, nikafunga kifuniko vizuri kama kilivyokuwa. Nikafuta kidole kwenye kitenge, nikachukua jembe langu nikaenda shambani.

Waliifunga mchana ule. Mke mwenzangu ndiye aliyekaa kwenye pedali. Kazi yangu ile, tangu miaka tisa! Nilikuwa jikoni nachambua maharage, namsikia mzee kutoka chini ya gari akimfundisha, kanyaga, shikilia, sasa achia, na yeye akikosea na kucheka, na mzee akicheka pia. Baba yangu asingecheka. Nilipokuja kutazama ungo wangu nilikuta nimetupa maharage mazima na kubakiza mabovu.

Nilingoja ikatae. Haikukataa, ndiyo balaa lenyewe. Pedali ikawa laini, mzee akaisifia ulaini. Gia zikawa zinalia kidogo wakati wa kuingia, nikamsikia akisema upepo bado haujaisha, itazoea. Alikuwa dereva, hakuwa fundi. Alhamisi wakapakia ndizi.

Walifika kwenye mteremko wa kabla ya daraja la njia ya Kiwira, mvua inanyesha. Mzee akatoa gia ya tatu ili aingize ya pili gari lishikwe, ya pili ikakataa. Akakanyaga tena, ikakataa. Ya tatu nayo ikakataa kurudi. Gari lenye ndizi likashuka huru. Breki zilikuwa za umri wa gari. Mzee akalielekeza kwenye ukingo wa udongo, na hapo ndipo liliposimama, limelala ubavu, ndizi zimetapakaa mpaka kwenye shamba la chai la watu. Yeye alipasuka kidogo kwenye kipaji cha uso. Mke mwenzangu alikuwa ametoa mkono nje ya dirisha, kama kawaida yake. Ulivunjika mahali pawili.

Nilikwenda Igogwe kumtazama hospitalini. Nilibeba uji wa ulezi kwenye chupa, nikaenda kwa miguu na njia nzima nikalia, na ukinikuta njiani ungesema huyu anampenda sana mwenzake. Nilimkuta ana plasta mpaka kwenye kiwiko, uso umevimba. Alinishika kwa mkono mzima, akasema kosa ni lake, yule muuza spea alimhakikishia na yeye akaamini boksi. Kosa lake! Nilimmiminia uji. Na nitawaambia jambo baya zaidi. Juu ya kitanda chake kulikuwa na blanketi la mzee, lile la mistari ambalo alipewa siku anastaafu, na pamoja na yote niliyokuwa nimeyafanya, nilipoliona lile blanketi roho iliniuma tena. Wivu hauna adabu hata hospitali.

Niliporudi sikulala vizuri siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia mama mkwe nusu ya ukweli. Nilimwambia naona ile spea huenda ni nyembamba, mimi ni mtoto wa fundi, niruhusiwe kwenda Tukuyu kutafuta nyingine. Sikusema nilijua tangu lini. Alinitazama kwa muda, akaingia chumbani kwa mzee. Kupitia ukuta wa miti nikamsikia mzee akijibu, "Mwambie aende na ile ya zamani."

Nikaifunga silinda ya zamani kwenye pindo la kitenge, nikaenda. Tukuyu mjini kulikuwa na duka la mzee mmoja Mwislamu, wa baraghashia, anayeuza misumari, vitambaa na spea chini ya paa moja. Hakuleta boksi. Alileta sanduku la mbao, akalimimina juu ya kaunta, akasema haya mama, chagua mwenyewe, mimi macho yangu ni ya Mungu, hayaoni tena. Nikapima ya kwanza, ndogo. Ya pili, ndogo. Ya tatu ilikubali kidole lakini mdomo wa bomba ulikuwa umekaa upande mwingine. Ya nne haikuwa na boksi kabisa, imepakwa grisi na kufungwa karatasi ya gazeti, na kidole kikaingia mpaka pingili ya pili, kikatulia. Akaniuliza nimejifunzia wapi kazi ile. Nilipomjibu akasema basi wanaume wa kwenu wana bahati. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunisifia tangu niolewe, na katika siku zote ikawa siku hiyo.

Gari lilishavutwa na kurudishwa nyumbani. Mzee alifunga silinda mwenyewe Jumamosi mchana, ikabaki kutoa upepo. Shemeji mkubwa alikuwa kwenye biashara zake Tunduma. Mume wangu alikuwa machimboni. Mke mwenzangu alikuwa amerudi kutoka Igogwe, lakini gari lile hakutaka hata kuliona. Magoti ya mama mkwe hayakuweza pedali. Mama mkwe akasema atamwita jirani. Nilikuwa nyuma ya jiko, nikamsikia mzee akisema taratibu:

"Jirani hajui kushikilia. Mwambie binti wa fundi akae kwenye gari. Mimi nitakuwa chini, hatutaonana."

Binti wa fundi. Kumbe alijua. Miaka sita! Mwili wote ulipata moto. Nilisahau plasta, nikasahau mteremko, nikasahau kila kitu, niseme kweli yangu, nikafurahi kama mtu aliyeitwa mezani. Mama mkwe alitupangia utaratibu. Mzee angeingia chini ya gari kwanza, akohoe, ndipo mimi nitoke. Tusizungumze. Akigonga chasisi kwa spana mara moja nikanyage na kushikilia, akigonga mara mbili niachie.

Nilisikia kikohozi, viwili vifupi na kimoja kirefu. Nikajifunika kitenge, nikapita uwanjani nikitazama miguu yangu tu, nikapanda. Kiti cha mbele cha upande wa pili kilikuwa bado na vioo vilivyovunjika kwenye mshono. Nikaweka mguu kwenye pedali.

Ngo. Nikakanyaga, nikashikilia. Nilimsikia akifungua, mafuta yakatoka kwa kelele ya upepo, akafunga. Ngo, ngo. Nikaachia. Tulikwenda hivyo muda mrefu, na hakuna aliyekosea hata mara moja. Pedali ikaanza kuwa ngumu chini ya unyayo wangu, ugumu mzuri, ule ambao baba yangu alikuwa akisema sasa imeshiba. Nilikuwa natabasamu peke yangu ndani ya kitenge. Nikajiuliza kama mwenzangu anatuona kutoka dirishani kwake, na nikatamani atuone.

Kisha spana ikanyamaza. Nilingoja. Sauti yake ikatoka chini ya miguu yangu, karibu kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Siku ile ulipokuja kuchukua jembe, nilikuwa hapa hapa chini."

Nilitazama miguu yangu juu ya pedali.

Alisema alikuwa amesharudi kutoka kwa jirani, amejilaza kwenye gunia anakagua bomba. Aliona miguu yangu. Hakukohoa, kwa sababu angekohoa ningeshtuka na kuiangusha spea chini, na mimi ningepata aibu ya kukutwa karibu naye. Kwa hiyo alitulia. Alinisikia nikifungua boksi. Alinisikia nikipima, na nikipima tena. Alisema hata yeye ile silinda aliitilia shaka, aliiona nyepesi, ila vidole vyake ni vinene haviingii na macho ya karibu hana tena.

"Nikasema, mtoto wa fundi amepima. Ingekuwa haifai, angemtuma mama aniambie. Ulipoirudisha kwenye boksi na kwenda zako, nikajua inafaa. Ndiyo maana niliifunga." Nikamsikia akiweka spana chini. "Nakuuliza sasa. Kidole kiliingia?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kunijibia, kama ilivyokuwa desturi. Hakunijibia. Mguu wangu ulikuwa bado juu ya pedali. Katika miaka sita nilikuwa sijamwambia mzee yule hata neno moja, na nilikuwa nimetunga mengi, usiku na mchana, ya siku atakaponiuliza kitu.

"Hakikuingia, taata," nikasema.

Kuku walipita. Nilimsikia akivuta pumzi, na nikadhani atatoka chini ya gari, mwiko uvunjike, anitazame usoni aone nilivyo. Hakutoka. Spana ikagonga chasisi mara moja.

Nikakanyaga, nikashikilia.